Musiala na Wirtz: namba kumi wawili, njia mbili tofauti

Kocha wa Vijana, Busia

Ndugu zangu, ninafundisha timu ya vijana walio chini ya umri wa miaka 17, na katika nafasi ya namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji anayecheza nyuma ya mshambuliaji wa mbele, nina wavulana wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja akipata mpira huwafuata mabeki na kuwapiga chenga mpaka wampishe. Mwingine huupokea akiwa ameshajua ataupeleka wapi, na ni nadra mpira kukaa mguuni mwake kwa muda mrefu. Wazazi, na hata wenzangu wa benchi la ufundi, wanamsifu wa kwanza na kumwona wa pili kuwa mchezaji wa kawaida. Mimi sikubaliani nao, ila sijapata maneno ya kuwashawishi.

Kwa sababu hiyo nimerudi kuwatazama Jamal Musiala na Florian Wirtz. Wote wawili ni Wajerumani waliozaliwa mwaka 2003, Musiala mwezi Februari na Wirtz mwezi Mei, na wote waliingia Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, mwaka 2020 wakiwa na umri wa miaka 17. Naomba mnieleze tofauti yao hasa iko wapi, na kwa viwanja tulivyo navyo Uganda, ni mchezo wa yupi unaofaa kutiliwa mkazo mazoezini. Hesabu ya mabao sihitaji.

Mtazamaji wa Jinja

Kocha, tazama mechi moja tu: ile ya ufunguzi wa Euro 2024 mjini Munich, Ujerumani ilipoifunga Scotland 5-1. Katika dakika ya 10, Toni Kroos alivusha mpira mrefu hadi kwa Joshua Kimmich upande wa kulia, Kimmich akaurudisha katikati, na Wirtz, aliyekuwa ukingoni mwa eneo la hatari, akaupiga hivyo hivyo bila kuutuliza. Dakika ya 19, Kai Havertz alimrudishia Musiala mpira ndani ya eneo la hatari. Huyu hakupiga papo hapo, bali aliutuliza kwanza, akajipatia nafasi, ndipo akaupiga juu kwa nguvu. Mabao hayo mawili yanatosha kujibu nusu ya swali lako, kwa sababu Wirtz alikuwa ameshaamua kabla mpira haujamfikia, ilhali Musiala aliamua baada ya kuupata.

Musiala ana miguu mirefu lakini huugusa mpira kwa hatua fupifupi, kwa hiyo anaweza kubadili mwelekeo wakati wowote, na beki akishaegemea upande mmoja huwa amechelewa. Uwezo huo una thamani kubwa pale mpango wa timu unapogoma. Tarehe 27 Mei 2023 Bayern, klabu yake, walikuwa wanaelekea kuupoteza ubingwa wakiwa Köln, matokeo yakiwa 1-1. Musiala, aliyeingia akitokea benchi, alijitengenezea nafasi mbele ya mabeki katika dakika ya 89 na kufunga bao lililowapa kombe kwa tofauti ya mabao dhidi ya Dortmund. Hata hivyo, kumbuka pia mechi dhidi ya Costa Rica katika Kombe la Dunia la Qatar: aliwapita watu usiku kucha, akagonga mwamba, Ujerumani ikashinda 4-2, na bado ikaondolewa mashindanoni bila yeye kufunga. Mpiga chenga hupendeza macho hata siku ambayo chenga zake hazikuzaa bao, na nadhani hilo ndilo linalowachanganya wazazi wa timu yako.

Kazi ya Wirtz ni ngumu kuionyesha kwa sababu sehemu yake kubwa hufanyika akiwa hana mpira. Katika Leverkusen, klabu yake ya wakati huo chini ya kocha Xabi Alonso, iliyotwaa ubingwa wa msimu wa 2023/24 bila kupoteza hata mechi moja kati ya 34 za ligi, alikuwa akisimama kati ya viungo na mabeki wa timu pinzani, akigeuza kichwa huku na huku, akimsubiri kiungo Granit Xhaka apenyeze pasi. Mwili wake ulikuwa tayari umegeukia lango nusu, na mguso wa kwanza tu ulimtoa kwenye mtego. Wala msidhani kwamba hawezi kupiga chenga. Anaweza, na vizuri sana, ila huzitumia pale tu pasi inapokosekana.

Mwalimu wa Michezo, Kasese

Nashukuru kwa maelezo ya kaka wa Jinja, lakini mimi kama mwalimu ninayewafundisha wasichana na wavulana kwenye uwanja wenye kokoto, naona jambo moja limeachwa. Katika uwanja wa namna hiyo mpira hudunda vibaya, pasi ya haraka inampita mwenzako au inamgonga gotini, na anayetaka kucheza kwa mguso mmoja ataonekana mzembe wakati kosa ni la ardhi. Mpiga chenga anausindikiza mpira kwa karibu, kwa hiyo anaweza kuurekebisha kila unaporuka. Kocha, kabla hujakubali kwamba kijana wako wa pili ni wa kawaida, mpeleke akacheze kwenye nyasi bandia hata mara chache, maana viwanja vyetu vinampendelea mwenzake.

Kuhusu mazoezi, lipo zoezi lisilohitaji vifaa. Mchezaji anasubiri pasi, msaidizi anasimama nyuma yake na kuinua vidole, na mchezaji lazima aangalie nyuma na kutaja idadi ya vidole kabla mpira haujamfikia. Hapo ndipo mchezo wa Wirtz unapofundishika. Chenga za Musiala sijui kuzifundisha. Ninachoweza ni kumpa mtoto mpira, nafasi finyu na wapinzani wawili, kisha nikae kimya asije akaogopa kuupoteza.

Beki Mstaafu, Arua

Nimecheza beki wa kati kwa miaka mingi, na ningeulizwa yupi kati ya hao anasumbua zaidi, ningemtaja Wirtz bila kusita. Mpiga chenga unamwona, unajua mpira uko kwake, na unaweza kumwita mwenzako aje kukusaidia. Huyu mwingine anasimama pale ambapo si kazi yangu wala ya kiungo mkabaji: nikimfuata ninaacha pengo nyuma yangu, nisipomfuata anageuka na kupiga pasi ya kuua.

Hata hivyo, mchezaji wa namna yake anahitaji watu wanaomwelewa. Alipohamia Liverpool mwaka 2025 kwa ada inayopita pauni milioni 100 ukijumlisha nyongeza, miezi ya kwanza ya ligi ilikuwa mizito kwake, na mimi sikuona kwamba kipaji kilikuwa kimepungua. Niliona wenzake wakikimbia kuelekea kusiko na pasi zake. Basi, Kocha, ukimlaumu kijana wako kwa pasi iliyopotea, tazama kwanza mpokeaji alikuwa wapi.

Kocha wa Vijana, Busia

Nimefaidika sana, nanyi mmenipa maneno niliyokuwa nayatafuta. Zoezi la vidole nitalianza wiki hii, na kwa wachezaji wote, si kwa mmoja. Swali moja limebaki: je, naweza kuwapanga wote wawili kwa pamoja bila kuidhoofisha safu ya kati?

Beki Mstaafu, Arua

Inawezekana, Kocha, na Julian Nagelsmann, akiwa kocha wa Ujerumani, alifanya hivyo katika Euro 2024. Wirtz alianzia kushoto na Musiala kulia, İlkay Gündoğan akiwa katikati yao, na wote wawili wakawa wanaingia ndani mara kwa mara. Lakini nyuma yao kulikuwa na Kroos wa kusambaza mpira na Robert Andrich wa kukaba. Kama huna kiungo anayependa kazi ya kukaba kwa moyo wake wote, anza na mmoja, kisha umwingize mwingine baada ya mapumziko, wapinzani wakiwa wameanza kuchoka. Nani aanze, hilo liamue kwa kuutazama uwanja asubuhi ya mechi, kama alivyokueleza Mwalimu wa Kasese.