Sevo sita za mkono wa roboti: Uno peke yake, PCA9685 au Micro Maestro?

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

Ndugu wanajukwaa, ninaomba ushauri wenu. Klabu yetu ya sayansi inaunda mkono wa roboti wa mbao nyepesi wenye sevo sita, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa: sevo kubwa tatu aina ya MG996R za kitako, bega na kiwiko, na ndogo tatu aina ya SG90 za kifundo na vidole. Kwa sasa zote zimeunganishwa moja kwa moja kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kuandikia programu, na zinapata umeme kutoka pini yake ya volti 5. Kiwiko kikisogea peke yake hakuna tatizo. Bega likianza kunyanyua hata kikombe kitupu cha plastiki, taa ndogo iliyo pembeni ya bodi hufifia, kompyuta hulia kama vile mtu amechomoa waya wa USB, kisha mkono mzima unalala mezani na programu inaanza upya. Nimehisi kwamba Uno imezidiwa, hivyo nafikiria kununua bodi maalumu ya kuendeshea sevo. Zinazotajwa sana ni PCA9685 na Micro Maestro. Ipi itawafaa zaidi wanafunzi?

Fundi Redio, Tanga

Mwalimu, kabla hujatoa fedha mfukoni: Uno haijazidiwa na kazi, bali imekosa umeme. Maktaba ya Servo ya Arduino, yaani programu iliyokwisha kuandikwa ya kuamuru sevo, huendesha hadi sevo 12 kwenye bodi hiyo, kwa hiyo sita ni nusu tu ya uwezo wake. Kinachotoka kwenye bodi ni pigo fupi la umeme la kuiambia sevo isimame wapi, kila baada ya milisekunde 20, lenye urefu wa mikrosekunde 1,500 hivi sevo inapokaa katikati, na pigo hilo halihitaji nguvu yoyote ya kutajika. Nguvu inahitajika kwenye waya mwekundu wa sevo, unaoingiza umeme. Fyuzi ya USB iliyomo ndani ya Uno ni ya miliampea 500, ilhali MG996R moja ikikwama huweza kuvuta ampea 2.5 kwa volti 6. Hapo ndipo taa inapofifia. Ukinunua bodi yoyote kati ya hizo mbili na kuilisha kutoka pini ileile ya volti 5, mkono utaanguka vilevile.

Hata hivyo, Uno peke yake ina kasoro zake. Maktaba hiyo huchukua taima moja ya bodi, yaani kihesabu muda chake, na kwa sababu hiyo pini 9 na 10 haziwezi tena kutumia analogWrite, amri ya kuongeza au kupunguza nguvu ya pini. Aidha, mapigo yanategemea prosesa iachwe ifanye kazi kwa wakati wake. Ukiongeza kwa mfano mkanda wa taa za rangi, ambao maktaba yake huizuia prosesa kwa muda mfupi, sevo zitaanza kutetemeka.

Binti wa Karakana, Mombasa

Shikamoo Mwalimu. Ninakubaliana na Fundi kuhusu umeme, lakini mimi ningechagua PCA9685, kwa sababu ya huo mtetemo alioutaja mwishoni. Chipu hii ya kampuni ya NXP hutengeneza mapigo yenyewe kwenye chaneli 16. Uno huituma tu amri kwa nyaya mbili za mawasiliano ziitwazo I2C kisha inaendelea na shughuli nyingine. Wanafunzi wako wakitaka kuongeza mkono wa pili, utalehemu kijidaraja kimoja cha anwani na kuunganisha bodi nyingine kwenye nyaya zilezile. Napenda pia pini yake iitwayo OE, ambayo ukiipandisha juu mapigo yote hukatika na sevo za aina yako hulegea. Darasani, ambako vidole vya watoto viko karibu na mkono unaosogea, ningeifunga kwenye swichi kubwa siku ya kwanza kabisa.

Usahihi wake una mpaka. Kwa marudio ya 50 kwa sekunde, chipu hugawa milisekunde 20 katika hatua 4,096, yaani karibu mikrosekunde 4.9 kila hatua, ambayo kwa sevo ya kawaida ni kama nusu nyuzi ya pembe. Kwa kunyanyua kikombe, inatosha.

Msanii wa Vikaragosi, Zanzibar

Mimi natumia Micro Maestro ya kampuni ya Pololu, na nadhani inastahili kutetewa, ingawa bei yake iko juu. Vikaragosi vyangu husimama kwenye maonyesho siku nzima bila kompyuta na bila Arduino. Ninapanga mienendo kwenye programu yake ya bure ya Windows au Linux kwa kuvuta vitelezi kwa kipanya, nahifadhi mkao mmoja baada ya mwingine, kisha naiandika skripti ndani ya bodi yenyewe. Ina chaneli sita tu, lakini isiyotumika kwa sevo inaweza kusoma kitufe. Hatua yake ni robo ya mikrosekunde, na kila chaneli huwekewa kasi na mchapuko wake, hivyo kichwa cha kikaragosi hugeuka taratibu na kutulia taratibu pasipo mimi kuandika hesabu yoyote. Kwenye PCA9685 ulaini huo utauandika mwenyewe.

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

Marahaba, binti. Nawashukuru nyote. Ulaini wa Maestro unavutia, ila nataka wanafunzi waandike hesabu hiyo wao wenyewe, maana mchapuko ndiyo mada tunayosoma muhula huu. Nimeamua kuchukua PCA9685. Sasa umeme: nitumie nini?

Fundi Redio, Tanga

Piga hesabu ya hali mbaya kabisa. MG996R tatu zikikwama pamoja ni ampea 7.5, na SG90 tatu huongeza ampea mbili hivi. Tafuta pawa saplai ya volti 5, ampea 10, ile ya boksi la bati lenye matundu inayotumika kwenye mabango ya taa. Tafadhali funika skrubu zake za kuingizia umeme wa volti 230 kabla mwanafunzi hajaisogelea, kwa kuwa nyingi huwa wazi. Usipitishe ampea zote hizo kwenye bodi ndogo ya PCA9685. Nyaya nyekundu na za kahawia za sevo kubwa zipeleke moja kwa moja kwenye pawa saplai, na kutoka kwenye bodi uchukue waya wa mapigo tu. Kisha unganisha hasi ya pawa saplai na hasi ya Uno. Wengi husahau waya huo mmoja, na sevo hucheza ovyo kana kwamba zimeungua.

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

Nimerudi na majibu. Kikombe kimenyanyuliwa, tena kikiwa na maji, na Uno haikuzima hata mara moja. Limebaki jambo moja: tukiamuru mikrosekunde 1,500, bega linasimama pembeni kidogo ya pale liliposimama kwa amri hiyohiyo tulipotumia Uno peke yake.

Binti wa Karakana, Mombasa

Hiyo ni saa ya ndani ya chipu, Mwalimu. Maktaba ya Adafruit inayoiendesha PCA9685 hudhani inakwenda megahezi 25, lakini kila chipu hutofautiana kidogo. Ikiwa yako inakwenda 27, pigo la 1,500 hutoka likiwa kama 1,389, na bega hukosea kwa nyuzi kumi hivi. Iunganishe sevo hiyo kwenye Uno tena, iamuru 1,500, na uweke alama ya penseli mahali mkono uliposimama. Irudishe kwenye PCA9685, kisha badilisha namba iliyo kwenye setOscillatorFrequency, amri inayoiambia maktaba kasi ya saa hiyo, ukianzia 25000000 na kupanda kidogo kidogo, hadi mkono uifikie alama. Namba utakayoipata iandike kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa bodi hiyo, kwa sababu bodi nyingine itakuwa na yake.