Ngano kwa kuku wanaokua: dagaa, soya au laisini ya dukani?

Mfugaji_Mwanga: Wakuu, kuku wangu wa nyama wameingia wiki ya nne, hapa Kigoma mjini. Mahindi yamepanda, nimepata ngano ya chenga kwa bei ya kuelewana. Naambiwa ngano ina upungufu wa laisini, kijenzi cha protini ambacho kuku anahitaji ili akue. Nizibe kwa soya, dagaa au laisini ya unga?

Kuku_Kasulu: Ngano inayashinda mahindi kwa protini, asilimia 11 hadi 13, ila laisini kwenye kilo 100 haifiki gramu 400. Kuku wa umri huo anahitaji kama kilo 1 ya laisini kwa kila kilo 100 za chakula. Ngano kilo 65 na mashudu ya soya kilo 25 vinakupa gramu 900 hivi. Pengo la gramu 100 ndilo la kuziba: unga wa laisini gramu 130, maana una laisini asilimia 78, au dagaa wakavu kilo 2 na ushee. Piga hesabu kwa bei za hapo.

Mama_Kibirizi: Mwanangu, mimi nasema dagaa. Unga unaleta laisini peke yake. Dagaa wana methionini na treonini, vijenzi vingine vya protini, humohumo, na soya ina methionini kidogo. Ila wapepete kwanza, usije ukalipia mchanga. Waliotiwa chumvi usiguse, kuku watakunywa maji kupita kiasi na maranda yataloa.

Mifugo_Tabora: Shikamoo mama. Dagaa ni wazuri, lakini 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvuliwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Unga unakaa stoo, ununue pamoja na methionini. Mashudu ya alizeti yasikudanganye: methionini yanayo, laisini ni haba. Na ukipata soya nzima, ikaange. Mbichi inazuia kuku kumeng'enya protini.

Kuku_Kasulu: Hizo gramu 130 usizimwage moja kwa moja kwenye rundo. Changanya na kilo moja ya chakula mpaka zienee, kisha kilo kumi, ndipo zote. Vinginevyo huyu anapata, yule anakosa. Kinyesi kikianza kunata ni nyuzinyuzi za ngano, ulizia zailanasi, kimeng'enya kinachozivunja.

Mfugaji_Mwanga: Nimewaelewa. Soya, na dagaa wakiwa wa bei. Wakipanda nahamia unga. Wateja wangu wanapenda ngozi ya njano, itakuwaje?

Mama_Kibirizi: Itapauka, ngano haina ile rangi. Bakiza mahindi ya njano kiasi, na uwakatie mchicha.