Shahada ya sayansi za jamii, chuo kikuu cha Sciences Po, Reims: hesabu ni nyingi?

Habari wakuu. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Anataka programu ya Ulaya na Afrika kule Reims, Ufaransa. Uchumi hajawahi kuusoma. Atatoboa?

Jibu 1: Anatoboa, ila ajipange. Ni miaka 3: miwili Reims, wa tatu nje ya Ufaransa. Uchumi unakwenda sambamba na historia, sheria, siasa na sosholojia, haukwepeki. Aanze sasa na mikunjo ya ugavi na mahitaji (michoro ya bei na kiasi cha bidhaa), na kusoma majedwali ya takwimu.

Jibu 2: Mimi naona insha ndiyo inayoangusha wengi. Wafaransa wanataka swali moja kuu, halafu sehemu 2 au 3 zinazolijibu. Ukimwaga matukio kwa kufuata tarehe, alama zinakatwa hata kama yote ni kweli. "Historia ya Azimio la Arusha" si swali. "Je, kutaifisha benki mwaka 1967 kulipunguza utegemezi wa nje?" Hilo linajengeka.

Jibu 3: Nyongeza: Kiswahili nacho kinafundishwa pale. Asikikimbilie kwa alama za bure, achukue Kiarabu au Kireno.