Re: Kuhamia mji mdogo Iowa, twende au tubaki?

> Habari zenu wadau. Niko Dallas na familia, kodi imepanda mpaka basi. Shemeji yangu yuko mji mmoja mdogo Iowa, anafanya kiwanda cha nyama, anasema nyumba bei poa na kazi unapata wiki hiyohiyo. Wife hataki hata kusikia. Mlioishi huko tupeni ukweli.

Kaka wa Dallas salama,

Mi niko Iowa muda sasa, kamji ambako ukipiga chafya posta, watu wa benki wanakwambia pole. Shemeji hajakudanganya kuhusu kodi, ila hiyo ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni gari. Huku hamna basi wala treni, na Uber unaiona kwenye simu tu, hakuna dereva wa kuja. Na sio gari moja, mawili, na mama watoto awe na leseni yake kabla hamjafunga hata kikombe kwenye boksi.

Nakwambia manake nimeona. Baba yuko shifti ya pili, gari liko parking ya kiwanda, mtoto kapandisha homa saa tatu usiku, kliniki ya mji ilishafunga toka saa kumi na moja, hospitali yenyewe mwendo wa dakika arobaini na mama haendeshi. Akaenda kumgongea jirani, mzee wa kizungu ambae walikuwa wanapungiana mikono tu, yule mzee akatoka na suruali ya kulalia na mabuti ya theluji, akawasha pikapu, akawapeleka na akakaa nao mpaka saa nane. Watu wa hivyo wapo, tena wengi, lakini huwezi kupanga maisha ya familia juu ya usingizi wa mzee wa watu. Na kama mke ni mjamzito au mna mpango huo, ulizeni kwanza wodi ya uzazi iko wapi, hospitali nyingi za vijijini Iowa zimefunga hiyo huduma.

Hapohapo kwenye hospitali, msikubali mtoto wa darasa la tano awe ndo mkalimani wa mama yake. Hospitali inayopokea pesa za serikali kuu, na karibu zote zinapokea, inatakiwa ikupe mkalimani bure. Huku hawajazoea Kiswahili watakutolea macho, we sema tu "interpreter, Swahili" wanapiga simu anapatikana mtu.

Sasa kiwanda. Kazi ipo kweli, mkono utauma, vidole vinaganda kwenye kisu, lakini hela inaingia kila wiki. Tatizo ni mji mzima kuning'inia kwenye kiwanda kimoja. Muulize shemeji kuhusu Perry, iko hapahapa Iowa, mji wa watu kama 8,000. Tyson, ile kampuni kubwa ya nyama, walifunga kiwanda cha nguruwe Juni 2024, watu kama 1,300 kazi ikaisha kwa mpigo. Noel kule Missouri hivyohivyo, mji wa watu kama 2,000, kiwanda cha kuku kikafungwa 2023. Ukiwa umepanga unafunga mizigo unasepa, ukiwa umenunua unamuuzia nani nyumba na kila mtu anauza?

Sisemi usinunue. Tena kuna kitu wengi wetu hatukijui, mkopo wa nyumba wa USDA, ile wizara ya kilimo, ni kwa maeneo ya vijijini na miji midogo, hautaki malipo ya kwanza. Dallas hupewi huo. Kipato wanakiangalia na makaratasi yako ya ukaazi pia. Ila panga nyumba ya kukodi kwanza mwaka mzima, uone kama mji una mwajiri mwingine wa maana, hospitali, chuo, kiwanda kingine, chochote.

Na ukihama usisahau uhamiaji, kama hujapata uraia una siku 10 tu za kuwapa anwani mpya. Watu barua zao za alama za vidole zinaenda nyumba ya zamani afu wanalalamika faili limelala.

---

Naongezea hapo, mimi ni mama na nipo mji mdogo pia, upande wa Nebraska. Kaka amesema vizuri lakini kaongea kama mwanaume, gari gari gari. Shemeji yangu wa Dallas, huyo wife anachoogopa sio baridi, ni ukiwa. Wewe utakuwa na wenzio kiwandani mnacheka, yeye atakuwa ndani na dirisha. Kusuka mpaka mji mwingine, kisamvu mpaka mji mwingine, ibada ya Kiswahili mpaka mji mwingine. Nilipofiwa na mama yangu simu zilikuwa nyingi sana na michango ilikuja, Mungu awabariki, lakini wa kukaa na mimi sebuleni usiku ule hakuwepo.

Ila watoto wangu, jamani, wanaenda shule kwa miguu, mwalimu anajua mpaka nani hali nyanya. Kwa hilo tu nimekaa. Mwambie wife atafute kazi yake mapema, shule huwa zinatafuta watu wa jikoni na wasaidizi wa darasa, hapo ndo utafahamiana na watu, sio kanisani peke yake.

---

> Asanteni sana, nimemsomea wife yote, hapo kwa dada kanyamaza kidogo. Tunafikiria kuja kuangalia kwanza, labda Julai shule zikiwa zimefungwa?

Kaka, Julai kila mtu anaipenda Iowa, mahindi ya kijani mpaka upeo wa macho na majirani wanakuletea matango bila kuomba. Njooni Februari. Na aendeshe yeye.