"Naongea na mwanangu kuhusu intaneti": hili swali linapima nini jamani?

mwanafunzi_masta: Wakuu habari za jioni. Nafanya utafiti wa masta, wazazi wanawaongozaje vijana mtandaoni, nikachukua maswali ya EU Kids Online, mradi wa utafiti wa watoto na mtandao, wale 2010 walihoji watoto kama 25,000 nchi 25 za Ulaya, nikatafsiri ili nilinganishe na huku. Juzi najaribisha mtaani, nafika kwenye "naongea na mwanangu kuhusu anachofanya mtandaoni" mama mmoja akanijibu kwa fahari kabisa "huyo namsema kila siku!" nikatiki MARA NYINGI. Usiku ndo nashtuka, kumsema mtoto si ndo kumgombeza? Na kwenye kipimo kuongea kuna kundi lake, kukataza kuna lake. Nifanyeje?

bwana_takwimu: Usilinganishe wastani kwanza mkuu. Hakikisha maswali yanajipanga kwenye makundi yaleyale huku na kule, halafu uzito wa kila swali kwenye kundi lake uwe sawa, halafu na vianzio, yaani wazazi wanaoongoza sawasawa wapate alama sawa kwenye swali huku na kule. Ukikwama hapo mwisho wastani wako hauna maana, na kompyuta haikatai, itakutolea namba tu nzuriii.

mama_wawili: Mie nyumbani simu janja ni moja, yangu. Binti wa form two anaangalia vitu vyake hapa kwenye kochi pembeni yangu, utaandika nakaa naye kumwongoza? Nasubiri simu yangu mwenzio 😂 Na bando likiisha siweki mpaka Ijumaa, hapo namdhibiti au sina hela?

mzee_wa_fildi: Mama kamaliza. Dogo, kila swali ongeza "mara ya mwisho ilikuwaje, nisimulie". Na mtoto muulize vilevile, pembeni, mzazi atakwambia kaweka sheria tano mtoto hajui hata moja. Wa bweni usiwaulize "mwezi uliopita" wakati simu hawajashika tangu shule ifunguliwe. Cheki pia Global Kids Online ya UNICEF na LSE (chuo cha London School of Economics), dodoso lao lina maswali ya msingi na ya hiari, limetengenezwa ili kila nchi ilirekebishe.

mwanafunzi_masta: Asanteni sana. Leo nimerudi kwa yule mama, nikamwambia anisimulie. "Nilimwambia nikikukuta na simu usiku tena naivunja." Yeye akasemaje? "Aseme nini, alikuwa analia." Tiki nimeifuta ila sijajua niiweke wapi.