Niache mshahara mzuri nikasomee bayoinfomatiki ya kinga na saratani? Naombeni ushauri

Chembe_Hai:
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Humu huwa nasoma na kupita, ila leo maji yamenifika shingoni.

Nina miaka 29 na shahada ya sayansi ya maabara. Nilikaa maabara ya hospitali miaka mitatu, nikawa najifunza lugha za kompyuta, R na Python, usiku, mwisho nikachukuliwa na kampuni ya mikopo ya simu kuchambua data. Mshahara unatosha: nalipa pango na ada ya mdogo wangu. Sasa nimepata nafasi ya uzamili wa bayoinfomatiki, yaani kuchambua data za kibayolojia kwa kompyuta. Ninakotaka kufika ni kwenye kinga ya mwili dhidi ya saratani, nijue kwa nini seli T (askari wa kinga) za mgonjwa huyu zinaingia ndani ya uvimbe na kuushambulia, na za yule zinaishia pembeni. Posho ni theluthi ya mshahara wangu. Mama ananiambia, "Watu wanalilia kazi, wewe unaitupa?" Mchumba wangu hasemi kitu, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi.

Hii fani ina ajira kweli? Na hisabati yangu ya kuokoteza itanifikisha?

KobeMzee:
Mkuu, kaa kazini. Posho za utafiti nazijua, zinakuja mwezi wa nne zikiwa za mwezi wa kwanza. Soma wikiendi.

Mnazi_Mkinda:
KobeMzee usimtishe mtu, ingawa kwenye posho hujadanganya.

Mimi niko kwenye fani hii mwaka wa sita. Usidhani kutwa nzima unagundua dawa. Muda mwingi unasafisha data na kugombana na programu iliyokubali kufanya kazi jana na leo imegoma. Hisabati utajifunza ukiwa njiani, ila takwimu usizikwepe.

Kinachokubeba wewe ni ile maabara. Nikiwa mwanafunzi niliona kundi la seli lililowatenganisha vizuri kabisa wagonjwa waliopata nafuu na wasiopata. Nilishaanza kuandika makala kichwani. Kumbe sampuli za walionufaika zote zilichakatwa wiki moja, za wengine wiki nyingine! Tofauti niliyoiona ilikuwa ya tarehe. Aliyenishtua ni fundi wa maabara, wala si mtaalamu wa kompyuta. Mtu aliyeshika pipeti anajua sampuli iliyochelewa kuingia kwenye friji inavyodanganya.

Halafu kuna pengo ambalo watu wa huku tuna sababu ya kulifanyia kazi. Seli zetu huonyesha vipande vya protini kwa seli T kupitia molekuli za HLA, na aina za HLA hutofautiana sana kati ya watu. Programu za kukisia kipande kipi kitaonyeshwa, kama NetMHCpan, hujifunza kutokana na vipimo vilivyokwisha kufanywa, na aina nyingi zinazopatikana Afrika zimepimwa kidogo. Hata TCGA, hazina kubwa ya data yenye wagonjwa zaidi ya 11,000 na aina 33 za saratani, wengi wao ni wenye asili ya Ulaya.

Sista_Wodini:
Mimi ni muuguzi, nitasema la wodini. Allison na Honjo walipewa Nobeli mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba ukiondoa breki za seli T, saratani inaweza kushambuliwa. Sawa, hongera zao. Dawa hizo bei yake wagonjwa wangu hawaiwezi, na wengi wanafika ugonjwa umeshasambaa. Kwa hiyo chagua swali la hapa. Saratani ya mlango wa kizazi inatokana na kirusi cha HPV, na saratani ya Kaposi inatokana na kirusi cha HHV-8, na kinga ikidhoofishwa na VVU zote mbili hupata nafasi. Burkitt aliandika kuhusu uvimbe wa taya wa watoto Uganda mwaka 1958, na mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr kikaonekana kwenye seli za uvimbe huo huo. Kinga, kirusi na saratani vimekutana kwetu zamani. Mbona unatafuta mbali?

Mnazi_Mkinda:
Sista umemaliza. Chembe_Hai, kabla ya barua ya kuacha kazi, nenda GEO, hazina ya mtandaoni ya data za jeni, ni bure, chukua data ya makala moja ya seli za kinga ndani ya uvimbe. Jaribu kuitoa upya picha yao moja tu, usiku, kwa miezi mitatu. Na huyo msimamizi muulize wanafunzi wake waliopita wako wapi sasa, na data ni ya nani. Akibabaika, unajua.

KobeMzee:
Haya, mkuu, jaribu hilo. Mwajiri asijue lakini.

Chembe_Hai:
Asanteni sana. KobeMzee, mimi ni dada 😀. Sista, hilo la mlango wa kizazi limenigusa, sampuli zake ndizo nilizokuwa nazipokea kila Jumatatu. Chuo nimewaomba nianze muhula ujao, wamekubali. Mchumba naye kasema neno jana: "Hiyo posho wanalipa tarehe ngapi?" Nimeichukulia kama ndiyo.

Nimeanza kushusha data ya GEO. Faili la kwanza limemaliza bando la wiki nzima na halijafika nusu. Kuna mwenye seva ya kuazimisha?