Mzee wa kipaza sauti amemtukana mama yangu kwa sababu ya bahasha ya kura, na leo simwachi!

BintiPangani (Houston, Texas, 29 Oktoba 2020, saa mbili usiku)

Wakuu, salamu baadaye. Naandika mikono inatetemeka.

Mnamjua. Simtaji. Houston nzima mnamjua, hata nyie wa Dallas mliowahi kuja harusini mkasubiri amalize hotuba mpaka pilau likalala. Leo asubuhi amerekodi sauti akaitupia kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili: "Kura ya bahasha ni kura ya wavivu. Kura ya kweli inapigwa kwa miguu." Anamsema mama yangu mzazi! Mama anakunywa uji, simu nimeiweka spika, namfunga kipimo cha presha mkononi, ndipo likatoka hilo neno. Kwa miguu. Mama akaweka kikombe chini. Hakusema kitu, na uji hakuumaliza.

Mama ana miaka 71. Kisukari anacho, presha anayo, tangu Machi hajatoka nje ila kwenda kliniki. Uraia kaupata mwaka jana, huu uchaguzi wa rais wa Marekani ndiyo kura yake ya kwanza nchi hii. Na Texas hawagawi kura ya posta, hiyo ya bahasha unayojazia nyumbani, kama peremende. Mahakama ya juu ya jimbo ilishasema Mei kwamba kukosa kinga ya korona peke yake si ulemavu wa kukupa kura hiyo, kwa hiyo sisi wa umri wangu tumepanga foleni na barakoa, tukapewa vimpira vya kuvalia kidoleni tubonyeze mashine. Sawa. Lakini aliyefikisha 65 sheria inamruhusu, na ilimruhusu hata kabla ya korona. Mvivu ni nani hapo?

Siku mbili mama kakaa meza ya jikoni anajaza ile karatasi. Saini kaifanyia mazoezi nyuma ya kalenda, maana saini ya kwenye bahasha wanailinganisha na ya fomu ya maombi. Posta hakuiamini, akasema anaipeleka mwenyewe. Kaunti ya Harris, ya hapa kwetu Houston, ilikuwa imeweka sehemu 12 za kupokelea bahasha hizo. Tarehe 1 Oktoba gavana akatoa amri ibaki moja kwa kila kaunti. MOJA, kwa watu zaidi ya milioni nne! Na humpelekei mtu, lazima mwenye kura afike mwenyewe na kitambulisho. Tukatoka huku Katy mpaka NRG Arena, ile moja iliyobaki. Mama kaishika bahasha kwa mikono miwili njia nzima kama kabebeshwa mahari. Nikampiga picha anakabidhi, nikaiweka kundini kwa furaha.

Jibu ndilo hilo. Kwa miguu.

Sasa sikilizeni. Yeye mwenyewe amepiga kura NDANI YA GARI! Kaunti imefungua vituo 10 vya kupiga kura ukiwa garini, na picha aliiweka wiki iliyopita kwa mkono wake: mkanda kafunga, kiyoyozi kinapuliza, kioo kakishusha, anapewa mashine dirishani kama anaagiza kuku. Unyayo haujagusa lami! Mtu aliyepiga kura ameketi anamwambia mama yangu kwa miguu!

Povu langu ndilo hilo.

Chuma_Chakavu: Nimewahi siti ya mbele. Bisi zije.

Mtu_wa_Shifti: Hiyo picha niliiona. Hata soksi hakuvaa.

KakaMkubwa77: Dada, kwa mzee mmoja tu umetuandikia gazeti zima? Ungemfuta namba ukalala.

BintiPangani: Nilale vipi? Mama hajala tangu asubuhi!

Philly_Moja: Afadhali yenu bahasha moja. Huku Pennsylvania ziko mbili, moja ndani ya nyingine, na tarehe 17 Septemba mahakama ya juu ya jimbo imesema ukiisahau ile ya ndani, kura yako haihesabiwi. Shemeji yangu ile ya ndani kaandikia orodha ya sokoni. Namwambia, ananijibu "si bahasha ni bahasha?" Nimeishi na huyu mtu miaka sita.

Chuma_Chakavu: Shemeji apewe uzi wake.

Mpemba_wa_Darajani: Nyinyi mnagombana kwa bahasha? Huku Zanzibar kura ya mapema ilikuwa tarehe 27, ya askari na watendaji wa uchaguzi, sisi wengine tumepiga tarehe 28. Na WhatsApp haifunguki tangu tarehe 27, hapa nimeingia kwa VPN. Nyinyi mna kundi zima la kutukaniana, mshukuruni Mungu.

BintiPangani: Poleni sana ndugu yangu. Lakini tusitoke kwenye mada. Kasema KWA MIGUU.

Wanjiku_wa_Katy: Pole dadangu, salimia mama. Huyo mzee si ndiye alishika maiki kwa mazishi ya mwezi wa pili akataja michango ya kila mtu isipokuwa yangu? Nilitoa dola mia moja! Risiti ninayo mpaka leo.

KakaMkubwa77: Mimi alinisoma kama "na wengineo".

Wanjiku_wa_Katy: Wengineo! Umeona sasa!

Mtu_wa_Shifti: Natoka kazini saa sita usiku. Leo kuna vituo vinane vinakesha, napitia kimoja. Nani anakuja?

Chuma_Chakavu: Nakuja, ila nipitie. Gari yangu bado iko kwa yule fundi wa mtaa wa Bissonnet, wiki ya tatu sasa.

KakaMkubwa77: Yule fundi! Mimi alinibadilishia betri akanirudishia ileile kaipaka rangi.

Wanjiku_wa_Katy: Huyo fundi afunguliwe uzi.

Philly_Moja: Samahani, lile friza lililotangazwa jana bado lipo?

Mtu_wa_Shifti: Lipo. Bei haipungui.